Msomi na Jamii Yake: Mifano kutoka kwa Waandishi wa Mombasa

Utangulizi

Swali kuhusu nafasi ya msomi katika jamii ni miongoni mwa maswali ambayo mtahiniwa wa fasihi hawezi kuyakwepa. Huja kwa sura mbalimbali. Mara ataulizwa ajadili maudhui ya elimu katika riwaya, mara aeleze sifa za mhusika ambaye ni mwalimu, daktari au mwanafunzi wa chuo kikuu, mara athibitishe kwamba tabaka la wasomi limeisaliti jamii. Majibu ya watahiniwa wengi, hata hivyo, ni mawili tu. La kwanza ni kuwa msomi ni taa inayoimulika jamii. La pili ni kuwa msomi ni msaliti aliyewapa kisogo watu wake. Mwalimu anayesahihisha insha za fasihi anayajua majibu haya kwa moyo, maana huyakuta karatasi baada ya karatasi, mara nyingi kwa maneno yale yale ya mwongozo.

Majibu haya yana kasoro moja: yanamhukumu msomi kabla ya kumsikiliza. Makala haya yanakusudia kukuonyesha, ewe mwalimu na mtahiniwa, njia nyingine ya kulikabili swali hili. Hoja yetu ni kwamba msomi hapimwi kwa cheti chake wala kwa ufasaha wa maneno yake, bali kwa mambo matatu: anazungumza na nani, anazungumza kwa lugha ipi, na maneno yake yanamgharimu au yanamfaidi nini. Ili hoja hii isibaki hewani, tutakitazama kisiwa cha Mombasa, hususan Mji wa Kale, mahali ambapo kwa zaidi ya miaka 200 wasomi wamekuwa wakitunga, wakibishana na wakati mwingine wakifungwa kwa ajili ya maneno yao.

Dhana ya msomi

Neno 'msomi' limetokana na kitenzi 'soma', na siku hizi humaanisha mtu aliyepita shule nyingi, hasa aliyefika chuo kikuu. Katika mitaa ya Kuze, Kibokoni na Ndia Kuu, hata hivyo, yapo majina ya zamani zaidi. Lipo 'mwanachuoni', linalotokana na 'chuo', neno ambalo katika Kiswahili cha kale lilimaanisha kitabu na pia mahali pa kusomea. Yapo pia majina 'shehe', 'mwalimu', 'malenga' na 'shaha'.

Yachunguze majina haya. Kila moja linataja kazi, si karatasi. Hakuna mwalimu asiye na wanafunzi. Hakuna malenga asiye na wasikilizaji. Shehe huulizwa kuhusu ndoa, talaka na mirathi, naye hawezi kusema kwamba ana shughuli nyingi. Katika mtazamo huu wa kale, elimu ni deni analodaiwa mtu na majirani zake. Ndiyo maana wahenga, ambao hawakuidharau elimu hata kidogo, walituachia pia methali isemayo kuwa akili nyingi huondoa maarifa.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliwahi kumfasili msomi kuwa ni mtu anayevutwa na fikra na aliyepata ustadi wa kuzishughulikia. Fasili hii ina manufaa kwa sababu inamtenganisha msomi na mwenye cheti tu. Lakini utaona kwamba haisemi lolote kuhusu jamii. Kwa kuifuata, mtu anaweza kuwa msomi hata kama hamfaidi mtu yeyote. Pengo lililopo baina ya fasili hii na majina yale ya kale ndilo tutakalolifuatilia.

Muyaka na Mwalimu Sikujua

Muyaka bin Haji aliishi Mombasa takribani kati ya mwaka 1776 na 1840. Ushairi mwingi ulioandikwa kabla yake katika upwa huu, na ambao umetufikia, ni tenzi za kidini. Muyaka alilitumia shairi la mishororo minne kuyazungumzia mambo ya kila siku: vita, mapenzi, urafiki, ufukara na siasa za utawala wa Mazrui dhidi ya Masultani wa Oman. Alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu, na malumbano hayo yalikuwa silaha kama zilivyokuwa jahazi na mizinga.

Je, Muyaka alikuwa sauti ya umma au mpambe wa watawala? Mtahiniwa makini hatalikwepa swali hili. Ni kweli kwamba aliegemea upande wa Wamazrui, ambao utawala wao uliangushwa na Seyyid Said mwaka 1837. Lakini alitunga kwa Kimvita, lugha iliyosemwa na mvuvi na mchuuzi, naye alisikika sokoni na barazani. Kila aliyemsikia aliweza kumwelewa, na kwa hiyo aliweza kumpinga. Msomi anayeweza kupingwa na watu wa kawaida hawezi kuwadanganya kwa muda mrefu.

Kuna msomi mwingine nyuma ya Muyaka ambaye miongozo humsahau. Muyaka alipofariki, mashairi yake yalibaki midomoni mwa watu. Aliyefanya kazi kubwa ya kuyakusanya na kuyafafanua ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Alifanya kazi hiyo pamoja na W. E. Taylor, mmishonari aliyekuwa akiishi Mombasa. Mwaka 1940 mashairi hayo yalichapishwa Johannesburg kama Diwani ya Muyaka, mhariri akiwa William Hichens. Baadaye, mwaka 1979, Profesa Mohamed H. Abdulaziz aliyachunguza upya katika kitabu chake kuhusu Muyaka.

Hakuna kinaya kidogo hapa. Mtu aliyeitwa Sikujua ndiye aliyejua, na kama si yeye huenda leo tusingekuwa na Muyaka wa kufundisha. Lakini majina yanayotajwa haraka vitabuni ni ya Taylor na Hichens. Kwa hiyo, unapojadili nafasi ya msomi, usimtafute tu anayesimama jukwaani. Anayehifadhi maneno ya wenzake yasipotee naye anatimiza wajibu wa msomi.

Sheikh Al-Amin na gazeti

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alikuwa mwanachuoni aliyefikia cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Kabla ya hapo, mwaka 1930, alianzisha gazeti dogo lililoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, neno la Kiarabu lenye maana ya marekebisho. Baadhi ya makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu Uwongozi.

Alichokifanya Sheikh Al-Amin kilikuwa kigeni kwa mwanachuoni wa wakati wake. Elimu ya dini ilikuwa na lugha yake, Kiarabu, na wengi walioimiliki waliridhika kuandikiana wao kwa wao. Yeye aliandika kwa Kiswahili ili asomwe na mtu wa mtaani. Aliwakemea watu wake kwa gharama za kupindukia katika harusi na matanga, kwa kupuuza elimu ya kisasa, na kwa kuwaiga Wazungu katika mavazi na mienendo bila kuiga bidii na ujuzi wao. Hakuwasifu wasomaji wake ili wampende.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuandika sifa tupu. Sheikh Al-Amin alikuwa pia mtumishi katika mfumo wa serikali ya kikoloni, kwani ukadhi ulikuwa ndani ya utawala huo. Isitoshe, jamii aliyoilenga ilikuwa Waislamu wa pwani, si Wakenya wote waliokuwa wakikandamizwa na mkoloni. Hapa ndipo mtahiniwa anapojifunza kwamba msomi anaweza kuwa ndani ya serikali na bado akasema ukweli, lakini ukweli wake huwa na mpaka. Kazi ya mhakiki ni kuuonyesha ukweli huo pamoja na mpaka wake.

Abdilatif Abdalla na gharama ya kuuliza

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946. Alikuwa kijana wa miaka 22 tu, karani wa hesabu katika Baraza la Manispaa ya Mombasa na mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, alipoandika mwaka 1968 waraka uitwao Kenya: Twendapi? Waraka huo, uliosambazwa kwa siri, uliishutumu serikali ya KANU kwa kuelekea kwenye udikteta na kukinyima chama cha KPU haki ya kushindana kwa njia ya kura. Mwaka 1969 alihukumiwa kwa kosa la uchochezi, akafungwa hadi mwaka 1972. Sehemu kubwa ya kifungo hicho aliipitisha akiwa peke yake katika gereza la Kamiti.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, wakati huo Abdilatif hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Wenye shahada walikuwapo nchini, na wengi walinyamaza. Pili, kichwa cha waraka wake ni swali. Neno 'twendapi' halimwambii msomaji aende wapi. Linamtaka asimame atazame njia. Huenda hii ndiyo kazi ya kwanza ya msomi: kuliuliza hadharani swali ambalo watu wanalinong'ona nyumbani.

Akiwa kifungoni alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Serikali ya Kenyatta ilimfunga mtunzi, na tuzo yenye jina la Kenyatta ikamtukuza. Ukitafuta mfano wa kinaya wa kuwafundishia wanafunzi wako, huna haja ya kwenda mbali.

Katika diwani hiyo, shairi 'Siwati' linatangaza msimamo ambao mtunzi hatauacha. Katika 'Kuno Kunena' mfungwa anashangaa jinsi kusema kwake kulivyomtia kifungoni. 'Jipu' ni jazanda ya maradhi yanayoiva ndani ya mwili wa nchi. 'Mnazi: Vuta N'kuvute' ni malumbano ya ndugu wawili wanaogombania mnazi, nao wanaweza kuchukuliwa kuwa wananchi wanaogombania mali ya nchi yao. Lakini usilazimishe kila shairi liwe la siasa. 'Usiniuwe', kwa mfano, ni sauti ya mtoto aliyemo tumboni mwa mamaye. Msomi huyu hakuwa na jambo moja tu moyoni mwake.

Jambo la lugha lataka uangalifu. Abdilatif anatumia Kimvita: 'kuwata' kwa maana ya kuacha, 'ndia' kwa maana ya njia, 'mato' kwa maana ya macho. Wapo wanafunzi wanaoyaona maneno haya kuwa makosa ya kisarufi, au wanaoyaita yote 'inkisari' bila kufikiri. Mwalimu, wakumbushe kwamba lahaja ni hazina. Mtunzi aliyekuwa peke yake chumbani aliichagua lugha ya mtaa wake, na uchaguzi huo wenyewe ni sehemu ya maudhui: aliowaandikia ni watu waliomlea.

Kilio cha Haki na swali la nani aongee

Alamin Mazrui, mwanaisimu aliyefundisha katika Chuo cha Kenyatta, alichapisha tamthilia Kilio cha Haki mwaka 1981. Inahusu wafanyakazi katika shamba la mlowezi aitwaye Delamon, jina ambalo kwa msomaji wa Kenya halikosi kumkumbusha Delamere. Kiongozi wa wafanyakazi ni mwanamke, Lanina. Anapambana na mwajiri, na wakati huo huo anapambana na wanaume wa upande wake wanaoamini kuwa mahali pa mwanamke ni jikoni.

Mwandishi angeweza kumweka shujaa msomi, kijana mwenye shahada anayekuja kuwaamsha wafanyakazi waliolala. Hakufanya hivyo. Amewapa wafanyakazi wenyewe sauti, na juu yao akamweka mwanamke. Huu ni mtazamo mahususi kuhusu tabaka la wasomi: kazi yao si kuongea kwa niaba ya wanyonge, bali kuwaachia nafasi waongee. Mwaka 1982 mwandishi huyu alikamatwa pamoja na wahadhiri wengine, akazuiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kufikishwa mahakamani. Diwani yake Chembe cha Moyo, iliyotoka mwaka 1988, imebeba alama za kizuizi hicho.

Lanina anatukumbusha pia pengo lililomo katika makala haya. Wasomi wote tuliowataja ni wanaume. Hii haina maana kwamba wanawake wa Mji wa Kale hawakuwa na maarifa. Inamaanisha kwamba wachapishaji, mahakama na magazeti hayakuwafungulia mlango mapema. Mhusika wa kubuniwa amesimama mahali ambapo historia iliyoandikwa imeacha wazi.

Ali Mazrui: msomi wa dunia

Ali Mazrui (1933–2014) ni mwana wa Sheikh Al-Amin. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere hadi mwaka 1973 alipoondoka Uganda ya Idi Amin, kisha akafundisha Marekani kwa miongo mingi. Mwaka 1986 alitoa mfululizo wa vipindi vya televisheni kuhusu Afrika na tamaduni zake tatu: ya asili, ya Kiislamu na ya Magharibi. Takriban vitabu vyake vyote ni vya Kiingereza.

Riwaya yake ya mwaka 1971, The Trial of Christopher Okigbo, inagusa moja kwa moja mada yetu. Okigbo, mshairi wa Nigeria aliyeuawa mwaka 1967 akipigania Biafra, anashtakiwa ahera kwa kosa la kutanguliza kabila lake mbele ya sanaa yake. Je, msomi ana haki ya kuacha kalamu ashike bunduki? Riwaya inalichukulia swali hili kama kesi, yenye wakili wa kila upande.

Sasa pima mwenyewe. Baba aliandika kwa Kiswahili, akasomwa na watu ambao kesho yake waliweza kumsimamisha mlangoni mwa msikiti wakambishia. Mwana aliandika kwa Kiingereza, akasomwa duniani kote, lakini ni wangapi wa Kibokoni walioweza kumjibu? Kwa upande mwingine, ni nani angeitetea Afrika mbele ya watazamaji wa Uingereza na Marekani kama wote wangeandika kwa Kimvita? Hatusemi kwamba mmoja ni mzalendo na mwingine ni msaliti. Tunasema kila mmoja alichagua hadhira, na kila hadhira ina faida yake na hasara yake. Mwaka 2014 mwana alirejeshwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus.

Jinsi ya kulijibu swali

Tuchukue mfano wa Mwalimu Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, riwaya iliyotahiniwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Mtahiniwa wa kawaida ataandika: 'Majisifu ni mlevi, ni mwizi wa kazi ya Amani, ni msomi msaliti.' Hayo ni kweli, lakini ni orodha. Tumia vigezo vyetu vitatu, nawe utaandika hivi:

'Majisifu anatumia elimu kujitafutia sifa. Anachapisha mswada wa Amani kwa jina lake mwenyewe, hivyo maneno yake hayamgharimu chochote. Aliyeyagharimia ni Amani. Anapoalikwa kutoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Wangwani anaaibika, kwa kuwa hana chake cha kuwaambia wasikilizaji. Mwandishi anaonyesha kwamba msomi asiye na fikra zake mwenyewe hawezi kuifaa jamii, hata akiwa na jina kubwa.'

Aya hii imetaja tukio, imetoa ushahidi na imefikia hukumu. Ndivyo mtahini anavyotaka. Unaweza pia kumlinganisha Majisifu na Abdilatif: mmoja alichukua maneno ya mwenzake akapata heshima, mwingine alitoa maneno yake akapoteza uhuru. Ulinganisho wa aina hii haumo katika mwongozo wowote ulioununua. Ni wako.

Na hapa, mtahiniwa, swali linakugeukia wewe. Ukimaliza mtihani huu na kuendelea na masomo, watu wa mtaani kwenu watakuita msomi. Anayekariri mwongozo na kuunakili neno kwa neno katika karatasi ya mtihani anafanya, kwa kiwango kidogo, kile kile alichokifanya Majisifu. Mwalimu naye anayempa mwanafunzi majibu ya kukariri, badala ya kumpa kitabu na muda wa kukisoma, anamzoesha wizi huo. Huenda alama zikapatikana. Lakini usomi hautapatikana, na jamii itakayomtegemea kesho itakuwa imeibiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba wasomi wa Mombasa hawakuwa wa namna moja. Muyaka aliegemea watawala lakini akasema kwa lugha ya wote. Mwalimu Sikujua alihifadhi. Sheikh Al-Amin alikosoa akiwa ndani ya mfumo. Abdilatif aliuliza akafungwa. Alamin Mazrui aliwaachia wafanyakazi sauti. Ali Mazrui aliitetea Afrika kwa lugha ya waliomtawala babaye. Kuwaita wote 'mwanga wa jamii' ni kuwapaka rangi moja, na kuwaita wasaliti ni kutowasoma. Kwa hivyo, kila unapokutana na msomi kitabuni, uliza ni nani anayemsikia, anamsikia kwa lugha gani, na nani analipa.

Maswali ya kujadili

1. 'Msomi wa kweli si lazima awe na shahada.' Jadili kauli hii ukirejelea mwandishi mmoja na mhusika mmoja wa kazi uliyoisoma.
2. Eleza jinsi matumizi ya lahaja ya Kimvita yanavyochangia maudhui katika ushairi wa Abdilatif Abdalla.
3. Chagua mhusika msomi katika tamthilia au riwaya yoyote teule. Kwa kutumia vigezo vitatu vilivyotolewa katika makala haya, onyesha iwapo ameifaa jamii yake.
4. Fafanua kinaya kinachojitokeza katika historia ya kuchapishwa kwa Diwani ya Muyaka na katika kutuzwa kwa Sauti ya Dhiki.